Florini Kwenye Kasha la Maziwa Lala

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Kimeng'enya kimekubali. Dkt. Gathoni ametangaza saa tatu asubuhi, hapa maabarani Ruiru: kinashikisha florini yenye mnururisho kwenye dawa, ndani ya maji tu, bila moto wala kemikali kali. Mgonjwa akidungwa, uvimbe unang'aa kwenye picha. Ijumaa madaktari wa Thika wanakuja kuona. Mimi na Ndinda, mwenzangu wa maabara, tutaonyesha, kila mtu dawa yake. Mwenye dawa yenye nguvu zaidi ndiye atakayekuwa mkuu wa maabara. Ndinda ana miaka ishirini na sita! Mimi nimepima maziwa kiwandani miaka kumi na mmoja.

Jumatano, 10 Septemba
Ndinda anashindana na saa ya ukutani. Anasema nguvu ya florini hupungua nusu kila dakika mia na kumi. Nikamwambia hata maziwa huharibika, ndiyo maana kuna baridi. Alicheka mpaka akashika meza. Sasa ananiita Baba Mala, yaani baba wa maziwa lala. Mbele ya daktari!
Lakini kimeng'enya chenyewe hukaa kwenye friji wiki nzima, kizima kabisa. Mpango umeiva.

Alhamisi, 11 Septemba
Florini ya mazoezi imeletwa kutoka Nairobi. Dawa yangu tayari saa kumi jioni. Kipimo cha mnururisho kilipiga kelele. Nimeifungia kwenye kikopo chake cha risasi, barafu pande zote, ndani ya kasha la baridi la shangazi yangu, Tata Waruguru, anayeuza maziwa lala mtaani Landless. Nilimwambia ni la pikiniki. Akauliza ni pikiniki gani ya mtu mmoja.

Ijumaa, 12 Septemba
Florini mpya ilifika saa mbili. Nikamwachia Ndinda fungu langu. Ukarimu! Yeye jasho, mimi chai. Wageni wakaingia. Dawa ya Ndinda: kipimo kikalia. Yangu: kimya. Nikagonga kipimo. Kimya. Daktari mmoja akauliza niliitengeneza lini. Jana, nikasema, kifua mbele. Dkt. Gathoni akafumba macho. Akasema imejimaliza usiku kucha, nusu baada ya nusu, na baridi haiihusu.
Ndinda ndiye mkuu.
Tata amepiga simu mara nne. Bila kasha lake, lita ishirini za maziwa zimevimba kwa joto.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimeona kosa. Barafu! Kufikia asubuhi ilikuwa maji. Oluoch, muuza nyama wa Membley, ameniazima friza yake ya nyama. Nafasi ya naibu inashindaniwa Jumatano tarehe 17. Florini ya mazoezi inafika Jumanne, saa mbili asubuhi. Friza nimeshaiwasha.