Mwisho wa Sherehe, Saa Moja Kamili

Jumatatu, 1 Julai. Tbilisi, Georgia.
Bosi wangu Marlene kaniita, kanionya. Sherehe ya uhuru wa Marekani ikidoda tena Alhamisi, narudi Washington, kwenye kile chumba cha chini kisicho na dirisha. Mungu wangu! Kazi yangu ubalozini ni kuwafanya Wageorgia waipende Marekani. Mpaka sasa wananilisha tu. Marekani hawaiulizii.

Jumanne, 2 Julai.
Nimepata! Nyama choma ya Texas, bendi ya jazi, hotuba fupi. Kadi zinasema saa kumi na moja hadi saa moja jioni. Hiyo saa moja nimeiweka kwa herufi nene. Sisi ni watu wa kufuata muda, nao waonje. Nikampelekea jirani yangu Bibi Eteri kadi yake. Akaisoma, akaweka kidole kwenye ile saa moja, akauliza kwa huruma kama nyumbani kwetu kuna mgonjwa. Sikumwelewa. Akanipa mkate wa jibini. Nimeumaliza kwa hasira.

Alhamisi, 4 Julai.
Wamekuja! Bustani yangu imejaa! Saa moja inakaribia, mzee mmoja akainua glasi kuomba dua, desturi yao kabla ya kunywa. Akatuombea heri, akawaombea marehemu wao na wetu, akaingia kwa akina mama. Hata mimi machozi yalinilengalenga. Ikafika saa moja. Nikazima muziki, nikashukuru, nikaanza kukunja viti. Glasi ya mzee bado iko juu. Bibi Eteri akanivaa: "We Dwight, mwanangu, nani kakulea? Mtu anawaombea mama zetu, wewe unamkunjia kiti!" Akawachukua wageni wote, wakavuka barabara hadi uani kwake. Balozi naye kaenda! Nimebaki na nyama. Nasikia wanavyocheka. Inauma.

Ijumaa, 5 Julai.
Balozi kaja kazini saa sita mchana, anaimba Kigeorgia. Marlene anasema mwakani sherehe itafanyika uani kwa Bibi Eteri. Nikauliza, na mimi je? Kumbe Bibi Eteri kamshika balozi mkono, kamwambia nisirudishwe, nimekonda mno. Basi nabaki! Kazi yangu mpya ni viti.

Jumamosi, 6 Julai.
Sijatulia tangu asubuhi, nazunguka meza tu. Sasa kosa nimeliona. Watu hawakujua kuwa muda umekwisha! Mwezi ujao naandaa jioni ya keki za tufaha, saa kumi na moja hadi kumi na mbili kamili. Na nimeshanunua kengele.