Mgonjwa Aje Mwenyewe Dirishani

Ujiji, Kigoma

Kwa Shangazi Honorata, mwenye duka la dawa,

Shikamoo Shangazi.

Kabla hujaendelea, nakuomba kwa heshima zote ukae mahali ambapo hakuna mtu nyuma ya bega lako. Barua hii isisomwe kwa sauti, isipigwe picha, na isiachwe juu ya friji kama mlivyozoea kuacha barua hapo Dodoma. Zaidi ya yote, usimpigie shemeji yako Bwana Pastory kumuuliza kama ni kweli. Ameniagiza nikuandikie kuunga mkono barua yake, lakini anataka kusoma kwanza. Ile atakayoisoma nitaiandika kesho. Hii akiijua, nitarudi Kalinzi kuchuma kahawa na stashahada yangu ya uhasibu mfukoni.

Kama unavyofahamu, Bwana Pastory, msimamizi wa duka lako, amekuomba umfukuze kazi mfamasia wetu, Dada Melania, ifikapo mwisho wa mwezi. Mimi kama karani nimeyatafakari makosa yake kwa utulivu, na nimeona ni mazito kuliko hata Bwana Pastory alivyoyaeleza. Nayapanga kama ifuatavyo.

1. Melania ameleta dukani dawa inayozuia watu kufa.

Inaitwa naloksoni. Ni kichupa kidogo cha kupuliza puani. Mtu aliyezidisha unga wa heroini, au dawa kali za maumivu za jamii hiyo, akafikia hatua ya kuacha kupumua, akipuliziwa mapema huanza kupumua tena. Bwana Pastory alipoelezwa hayo aliuliza swali moja tu: nani kawaambia tunawataka warudi? Duka hili limejijengea heshima kwa kuuza dawa za mafua, dawa za minyoo na sabuni za watoto. Halijawahi kujiingiza katika mambo makubwa namna hii.

2. Melania anadharau utaratibu wa dirishani.

Bwana Pastory amebandika tangazo kwa herufi kubwa: MGONJWA AJE MWENYEWE. DAWA HAIPEWI MTU MWINGINE. Hakuna kilicho wazi zaidi ya hapo. Anayehitaji naloksoni atembee hadi dirishani, apange foleni, asalimie, kisha aeleze kwa sauti inayosikika ameacha kupumua tangu lini. Mpaka leo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyetimiza sharti hili dogo. Badala ya kulaumu uzembe wa wagonjwa, Melania analilaumu tangazo.

Chukua mfano wa Mama Bibiana, yule mama mwenye asili ya Kongo anayeuza dagaa karibu na mwalo wa mitumbwi. Mwanawe Heritier alikuwa anatumia unga, akafungwa, na sasa ametoka. Melania anasema huyo ndiye wa kuogopewa kuliko wote, kwa sababu mwili umekwisha kuusahau unga lakini mkono unakumbuka kipimo cha zamani. Mama alikuja kuomba kichupa akae nacho nyumbani. Bwana Pastory alimjibu kwa upole kwamba kijana aje mwenyewe, siku hiyohiyo atakapozidiwa, akiwa na kitambulisho. Yule mama aliliweka beseni lake la dagaa juu ya kaunta iliyotoka kufutwa, akasema kwa Kiswahili cha Kongo: "Weye Papa, mutoto akishakufa, njo atakuja kupanga foleni?" Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja akadakia, "Na asisahau nakala mbili za kitambulisho!" Bwana Pastory, mtu mzima mwenye familia, hakustahili kuchekwa mbele ya beseni la dagaa.

Melania akamwita mama ndani, akampa kichupa na kumfundisha namna ya kukitumia. Heritier mwenyewe hakuwepo hata kivuli.

3. Melania anagawa elimu ovyo.

Alianza na sisi wa dukani, mimi na Yasmini mtoa dawa. Kisha akamfundisha mama wa chapati wa jirani, kisha vijana wa bodaboda. Sasa wote wanajua: mtikise, mwite jina, tazama kifua na rangi ya midomo, asipoamka wala kupumua sawasawa, mpulizie, mlaze ubavu, mpelekeni hospitali, na msimwache peke yake hata akiamka, kwa kuwa dawa hii huisha nguvu mapema na unga unaweza kumzidi tena. Mimi nimesoma kwa shida, Shangazi, na nimeumia. Ikiwa dereva wa bodaboda anaweza kumrudisha mtu duniani kati ya abiria mmoja na mwingine, sisi tuliovaa tai tutaheshimiwa kwa lipi? Bwana Pastory ametuonya kwamba tukilifumbia macho hili, kesho watu watajua hata kuchanganya maji ya chumvichumvi ya watoto wanaoharisha.

4. Melania ameitoa dawa mahali pa usalama.

Bwana Pastory aliifungia katika kabati la chuma, ufunguo akauvaa kiunoni, akapanda nao Kalinzi kuangalia kahawa yake. Huo ulikuwa utunzaji wa mfano. Dawa haikuibiwa, haikumwagika, haikumgusa mtu. Kilichotakiwa kwa wananchi ni kutuarifu mapema kwamba wanakusudia kuzidiwa, tumtume mtu na pikipiki mlimani, maadamu mvua haijanyesha na njia inapitika. Melania hakuweza kuvumilia hata hilo. Bwana Pastory aliporudi alimdai ufunguo, akaihamishia dawa chini ya kaunta, mahali ambapo mkono wa yeyote kati yetu unafika. Nilipomuuliza kama haogopi, alinijibu kwamba anaogopa sana, ndiyo maana ameihamisha.

5. Heritier hakufa.

Hili ndilo lililomkasirisha Bwana Pastory hadi akakuandikia. Kijana alianguka uani kwao. Mama yake alifanya yote aliyofundishwa, majirani wakamkimbiza hospitali, na baada ya siku chache akaja dukani. Alipanga foleni, akatoa salamu, akatangaza mbele ya wateja kwamba amekuja mwenyewe kama tangazo linavyotaka. Alileta dagaa wa shukrani. Bwana Pastory alikuwa stoo akihesabu maboksi matupu, hakutoka. Nakuuliza, Shangazi: mtu aliyekwisha kusemwa na mtaa mzima kwamba hafai kitu, akirudi ana adabu kuliko msimamizi, duka linajiteteaje?

Kwa hiyo naomba Melania aondoke, lakini cheti chake kibaki ukutani. Cheti hakibishani, hakifundishi bodaboda, na hakimwambii mwenye uchungu "karibu, kaa". Wateja wakikiona wataamini mfamasia yupo. Wakizidiwa watakufa kwa utaratibu, na duka litabaki safi.

Wasalimie sana binamu zangu wote, na jirani yako wa upande wa geti, na wote wanaonikumbuka. Baba anakusalimu, goti lake limepata nafuu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, mtiifu na mwenye wasiwasi,

Feliksi

Tanbihi: Jana mchana, wateja walipopungua, Bwana Pastory alikuja kwa Melania akiwa ameshika kofia yake. Mama yake mzazi, yaani mama mkwe wako, Bibi Elida wa Buzebazeba, ameanzishiwa dawa ya maji ya morfini kwa maumivu ya saratani, na wajukuu wanaimimina kwa kukadiria. Melania alimwambia wasimnyime, kwa sababu ikipimwa vizuri ni salama, na bibi ana haki ya kulala bila maumivu. Akampa bomba la kupimia, akamwonyesha mstari wa kuishia. Kisha akampa kichupa cha naloksoni, iwapo bibi atashindwa kuamka na pumzi kupungua. Bwana Pastory aliomba sehemu ya kutazama midomo irudiwe mara ya pili. Hakuna aliyemwambia amlete bibi dirishani.

Nilidhani baada ya hapo angeifuta barua yake. Amesema la mama ni la mama, na la kazi ni la kazi.

Basi Shangazi, yote niliyoandika kuanzia namba moja hadi tano yasome kinyume. Mwandikie Bwana Pastory kabla mwezi haujaisha kwamba Melania anabaki, na utume vichupa vingine, kwa sababu vilivyobaki havitoshi.

Ukitaka kunihoji, usipige simu ya duka, anaipokea yeye. Usinitumie ujumbe, simu yangu huwa mezani na kioo kinaonekana. Nipigie Jumapili misa ya kwanza ikiisha, nitakuwa nimejitenga upande wa ziwani. Akipokea mtu mwingine, uliza bei ya samaki wa migebuka kisha ukate. Nikishindwa kuzungumza, mpigie Melania mwenyewe. Namba yake ameiandika kwa kalamu nene kwenye mlango wa duka, isomeke hata tukiwa tumefunga. Muulize mtu yeyote wa Ujiji, wote wanayo.