Kichwa cha Gari la Mama Mbao

Moshi mweusi humpa fundi kazi; moshi mweupe humpa karamu. Hivyo ndivyo alivyoamini Daktari, naye alikuwa amekaa kwenye benchi la gereji yake ya kupanga, mguu juu ya mguu, alipoona gari la mizigo likiingia kituo cha mafuta cha ng'ambo huku limejifunika wingu jeupe kama bibi harusi. Kwenye usukani alikuwa Mama Mbao, mwenye ghala la mbao kule bondeni. Daktari aliinuka, akafuta mikono ambayo haikuwa na grisi, akavuka barabara.

Udaktari wenyewe ulitokana na bisibisi. Alikuwa akiweka ncha yake kwenye injini na mpini kwenye sikio, anafumba macho, anaguna. Wateja wengi walishalisikia guno lile, na hakuna aliyeondoka na pesa zake mfukoni.

"Pole sana, mama," alisema baada ya kuguna. "Turbo inasukuma hewa kwenye injini kuliko kichwa kinavyoweza kustahimili."

"Kichwa changu?"

"Cha injini, mama. Kimekaa juu ya bloku, kiwiliwili chake, na katikati yao kuna gasketi inayozuia moto, maji na oili visitembeleane. Uliongeza presha ya turbo?"

"Kuna mtu aliniongezea. Nabeba mbao, baba, na mlima ule unanidharau."

"Basi presha inakinyanyua kichwa na maji yanaingia kwenye moto. Dawa ipo. Boliti za chuma kigumu, gasketi ya chuma ya matabaka, na pete ya waya kuzunguka kila silinda. Nikimaliza, ongeza presha mpaka majirani wahame."

Kila neno lilikuwa kweli, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wa Daktari. Ufundi aliujua, kuufanya ndiko kulikomchosha. Kawaida yake ilikuwa kuosha injini kwa mafuta ya taa, kupaka gundi mpya pembeni ionekane kama imefunguliwa, kumimina dawa ya kuziba kwenye rejeta, kupokea malipo na kuingia mitini. Dawa ilishika siku chache. Injini ilipochemka, yeye alikuwa mtaa mwingine kabisa, ndani ya kigari chake chekundu, mali yake pekee duniani, aliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Mama Mbao hakubishana bei. Mtu mwangalifu angeshtuka.

"Ila kuna jambo," alisema. "Jumamosi kuna mashindano ya kupanda mlima. Wa kwanza kufika kileleni anapewa lori jipya. Mimi mikono yangu inatetemeka, siwezi mwendo wa kasi. Liimarishe gari, uliendeshe wewe. Tukishinda tunauza lori, tunagawana nusu kwa nusu."

"Lori?"

"Jipya. Viti bado vina nailoni. Lakini malipo yako na gharama za vipuri vitasubiri lori liuzwe, maana fedha zote nimezitia kwenye kiingilio."

Mwenye akili timamu angeuliza nani anaandaa mashindano hayo. Daktari aliuliza rangi ya lori.

Sasa ikawa balaa. Gundi haishindi mlima. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, ilimbidi Daktari afanye kile alichosema atafanya. Alizunguka maduka ya vipuri, lakini hakupata wa kumkopesha, kwa kuwa wauzaji wote walimfahamu vizuri. Mwishowe akauza kigari chekundu. Alipokabidhi ufunguo alilia kidogo, kisha akakumbuka ile nailoni ya viti.

Alikifungua kichwa kweli kweli. Gasketi ya zamani ilikuwa imeungua katikati ya silinda mbili. Alikipeleka kichwa kwa mchonga vyuma kikasawazishwa na kuchongewa mifereji ya pete. Alisugua uso wa bloku mpaka ukucha wake ukapita bila kukwama. Aliingiza boliti nene, akazikaza kwa spana ya kipimo kuanzia katikati kwenda nje, kwanza kidogo, kisha zaidi, kisha mpaka kipimo kamili. Akawasha injini ipate joto, akaiacha ipoe, akazipitia zote tena. Hakukuwa na mteja wa kumtazama, na hilo lilimkera, kwa sababu ilikuwa kazi safi. Alijikuta akipiga mluzi.

Ijumaa Mama Mbao alikuja kulichukua gari likakaguliwe na waandaaji. Daktari alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

"Kesho madereva mnakutana kileleni kwanza, mtambulishwe," alisema mama. "Vaa vizuri, mwanangu."

Alivaa vizuri. Alipanda mlima kwa miguu, na miwani yake ya jua, na viatu vilivyong'arishwa. Kileleni hakukuta bendera, wala watu, wala lori. Palikuwa na mbuzi wawili na mwanamke aliyekuwa akianika nguo.

"Samahani, dada. Mashindano ni hapa?"

"Ya nini?"

Mashindano pekee yaliyoanza mlimani hapo ni ya moyo wake. Alikuwa bado ameshika kifua aliposikia mluzi wa turbo. Gari la Mama Mbao lilipanda bila hata uzi wa moshi, likiburuta gari jingine kwa kamba, na penye mwinuko mkali halikupunguza mwendo. Pamoja na hofu yote, Daktari alitega sikio. Hakusikia kasoro.

Mama Mbao alishuka. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Kutoka kwenye gari lililoburutwa alishuka mwanamume mwembamba aliyenuna.

"Huyu mdogo wangu, mpiga picha za harusi. Ulimtengenezea kichwa mwaka jana."

"Likachemka njiani," alisema mpiga picha. "Nilifika keki imeshaliwa. Nina picha nzuri sana za makombo."

Daktari alirudi nyuma hatua moja. Miti yote ilikuwa imeanza kuteleza.

"Mama, ungeniambia tu."

"Nikwambie nini? Niliuliza watu, yule hajui kazi au hataki? Wote wakasema anajua sana, anaeleza kuliko kitabu. Nikaona kinachokosekana ni tamaa ya kutosha."

"Nimeuza gari langu, mama!"

"Najua. Ndiyo maana tumekuja kukuchukua, kwa miguu ni mbali. Wenzake uliowapakia gundi wako gerejini kwako na magari yao, wamepanga foleni. Vipuri wamenunua wenyewe. Ufundi walishakulipa."

Daktari alitazama mteremko, akatazama viatu vyake, akapanda kiti cha mbele. Alikuwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Lakini injini ilikuwa ikiimba chini ya miguu yake, na hatimaye ikamshinda.

"Mama, umesikia inavyovuta?"

"Nimesikia."

"Hakuna mwingine mjini anayeweza kufunga kichwa namna hii."

"Ndiyo maana," alisema Mama Mbao akibadilisha gia, "hatukukupeleka polisi."