Uzinduzi wa Kitabu cha Neno "Get" kwa Mafundi kutoka China

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kutokana na udhuru wake ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa kamati. Mwalimu wa lugha. Ndugu zetu mafundi kumi na wawili kutoka China mlioketi safu ya nyuma. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nasimama mbele yenu, kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, kuzindua kitabu cha kuwafundisha mafundi hawa maana na matumizi ya neno moja la Kiingereza, neno "get", ambalo ni dogo kwa umbo lakini kwa mujibu wa tathmini yangu limewasumbua kwa asilimia mia moja na nne. Najua Jumatatu wana mtihani wa Kiingereza, na atakayefeli anarudishwa kwao mkataba ukiwa haujaisha. Ndiyo maana ofisi yangu haikulala. (Mjumbe mmoja anashtuka usingizini.)

Kwa kuwa neno hili lina maana nyingi, kila maana tuliiundia kamati ndogo yenye mwenyekiti, katibu na mhuri. Kamati ya "get up", yaani kuamka, imeahirisha vikao vinne vya asubuhi. Ile ya "get together", yaani kukutana, inasubiri akidi tangu mwaka juzi. Lakini kamati ya "get" yenyewe, yaani kupata, imepata: imepata ofisi, imepata viti vya kuzunguka, imepata na ziara ya mafunzo ya wiki sita. (Vicheko safu ya mbele.)

(Fundi mchomeleaji anasimama. "Mzee, samahani. Kitabu tunakipata leo? Maana mimi nikifeli, Jumanne hawa wenzangu wananisindikiza uwanja wa ndege.")

Swali zuri sana, kaka, na umeliuliza kwa Kiswahili kilichonyooka, jambo linalothibitisha mafanikio ya mradi wetu wa Kiingereza. (Makofi. Fundi bado amesimama.) Keti tu, kaka, majibu yamo ndani ya mchakato.

Neno moja! (Wajumbe: Maana zote!) Kamati juu! (Wajumbe: Juu zaidi!)

Kwa kumalizia, namshukuru kwa dhati mwalimu wa lugha, ambaye muda wote nikizungumza nimemwona akitikisa kichwa kushoto na kulia, nami nimelichukulia hilo kuwa ridhaa yake ya kukiandika kitabu hiki, kuanzia leo baada ya chai hadi Jumapili jioni. Karatasi atakuja nazo mwenyewe. Ahsanteni kwa kunisikiliza.