Figo za Bi Zagorka na Mtihani wa Mkekani

Jumatatu, 3 Novemba
Mtihani Jumamosi! Ualimu wa pilates, hatua ya kwanza, mazoezi ya mkekani. Mkufunzi atapita kwa kila mmoja, atukute tunafundisha wanafunzi watano au zaidi. Tumebaki wawili: mimi na Ljubinka wa ng'ambo ya barabara. Mshindi anapewa ukumbi wa zimamoto afundishie, mara mbili kwa wiki. Nikishindwa, narudi sokoni kwa shemeji Radiša, kukata kabichi za kuvundika kwa chumvi. Miaka sita nimenuka kabichi. Sirudi ng'o!

Jumanne, 4 Novemba
Nimekusanya majirani watano gerejini kwetu. Nikawaambia walale chali. Bi Zagorka, mkubwa wao, akauliza kama mama yangu hakunifundisha kwamba sakafu ya Novemba inaua figo. Nikasema kuna mkeka. Akasema mkeka mwembamba hivyo hata paka wake haulalii. Wakafanya mazoezi wamesimama, makoti mwilini. Nasikia Ljubinka ana wanafunzi tisa, na wote wanalala! Kawatandikia mablanketi ya sufi. Mjanja yule.

Jumatano, 5 Novemba
Akili imefunguka. Nimemnong'oneza muuza mikate kwamba kwa Ljubinka dirisha na mlango vinatazamana. Upepo unapita katikati, unampiga mtu shingoni akiwa amelala. Sikusema zaidi. Hapa mjini Kikinda upepo wa aina hiyo unaogopwa kuliko wezi.

Alhamisi, 6 Novemba
Wamekuja kwangu wote tisa! Jumla kumi na wanne. Mablanketi nimeiga, sioni haya. Bi Zagorka kalala, kofia kichwani, skafu kiunoni. Tumefanya zoezi la kupigapiga mikono hewani tukiwa chali, tukihesabu hadi mia. Kafika sitini na mbili, akaniita mwalimu. Mwalimu! Machozi yalinilenga. Nimemwambia Radiša atafute mtu mwingine wa kabichi.

Jumamosi, 8 Novemba
Balaa. Watu kumi na wanne chali, jiko la kuni linawaka. Mkufunzi akaingia, akasema humu hamna hewa, na pilates ni pumzi. Akafungua dirisha. Mlango nyuma yake wazi! Bi Zagorka akapiga ukelele: upepo! Akainuka mkekani kwa nguvu za tumbo tu, bila kugusa chini, bibi wa miaka sabini na moja. Wote wakafuata. Mkufunzi akapigwa na butwaa, akauliza wamejifunzia wapi ufundi ule. Kabla sijajibu wameshavuka barabara, wako kwa Ljubinka. Tangu asikie uvumi wangu, kaziba dirisha lake kwa utepe, kila ufa! Mkufunzi akawakuta wote wamelala kule, ukumbi kapewa yeye. Bi Zagorka alinigeukia mlangoni tu, akasema: mwanangu, ukitangaza upepo wa jirani, ziba kwako kwanza.

Jumapili, 9 Novemba
Kabichi hamsini sokoni tangu asubuhi. Shingo haigeuki. Mama kanisugua rakija, ile pombe kali ya matunda, anasema ni lile dirisha. Bila shaka! Nimeangushwa na upepo, si na kosa langu. Mtihani mwingine ni Machi, na mimi nimeshaanza. Leo nimemnong'oneza mteja mmoja kwamba ukumbi uliozibwa kila ufa unaleta upara. Kashtuka sana. Kisha akasema mlango wa kibanda uko wazi nyuma yangu. Nimeufunga mbio, nusura nianguke kwenye pipa.