Sikio Langu na Landrova ya Harusi

Jumatano, 11 Septemba 2024. Endamarariek.

Mke wangu Elizabeti katangaza mbele ya wageni: Jumamosi binti yetu Ritha atakwenda kanisani Karatu kwa gari aina ya Noah la kaka wa mama yake, shemeji Remigius, maana Landrova yangu haipandi hata kilima cha mashine ya kusaga. Loo! Binti yangu mimi! Alipokuwa na miaka saba nilimwahidi kwamba siku ya ndoa nitamwendesha mwenyewe, kwenye Landrova hii hii. Ahadi ni deni.

Gari halina ubaya. Ni taimingi tu, moto wa plagi unachelewa. Unalegeza nati moja, unazungusha kidogo distributa inayogawia plagi moto, kazi kwisha. Remigius, anayejiita fundi kwa sababu ana taa ya kupimia taimingi, kanishauri nikwaruze alama kwenye distributa na injini kabla ya kulegeza, nijue pa kurudi. Nikamwambia mimi sirudi nyuma.

Alhamisi, 12 Septemba.

Nimezungusha. Kulia, kushoto, kulia tena, kwa sikio. Ikazima. Nikaichomoa distributa nzima nikaitazama vizuri, nikairudisha. Nikapiga stata. Pwaa! Moto ukatoka kwenye kabureta, nyusi ya kushoto imeungua. Mbuzi wa jirani Xavery wametawanyika, wawili hawajaonekana mpaka sasa. Xavery kaja na fimbo. Nikamweleza kwamba injini imekohoa tu.

Ijumaa, 13 Septemba.

Remigius kapita, wala hakuitwa. Eti distributa nimeirudisha kinyume, plagi inawasha wakati pistoni inatoa moshi. Eti nichomoe plagi ya kwanza, mtu azibe tundu kwa kidole, mwingine azungushe injini taratibu. Upepo ukisukuma kidole, hapo ndipo pa kuanzia. Kidole! Nikamwambia gari si filimbi.

Ritha kaniuliza kwa upole kama nitaumia akipanda Noah. Nikasema siumii. Nimeumia sana.

Alasiri Elizabeti kanituma dukani kufuata chumvi, na chumvi tunayo tele. Kurudi, namkuta Ritha ananawa kidole chenye masizi. Bibi harusi mzima! Nikamkemea. Remigius alikuwa barazani anakunywa chai, taa yake mapajani, kana kwamba nyumba ni yake.

Jumamosi, 14 Septemba.

Imewaka mara moja! Kile kilima tumekipanda bila kusita, wanawake wanapiga vigelegele nyuma, Noah inakula vumbi letu. Ritha kanishika bega njia nzima. Mlangoni pa kanisa kaninong'oneza, asante baba, umetimiza. Nililia. Sisingizii vumbi.

Baadaye nikamwambia Remigius, umeona sikio linavyofanya kazi? Injini ilitaka kupumzika tu, ikanitii. Kacheka mpaka kapaliwa na soda. Wivu huo.

Jumapili, 15 Septemba.

Nimefungua boneti. Kumbe kuna mtu kachafua injini yangu! Mstari mwekundu wa rangi ya kucha, nusu kwenye distributa, nusu kwenye injini. Rangi ileile aliyopaka Ritha jana. Mtoto anaolewa na bado anachezea vitu vya watu! Nimeukwangua kwa kisu, nikasugua kwa petroli mpaka pakang'aa.

Jumatano nimeahidi kumpeleka Ritha na mumewe kwa wakwe, Digodigo. Ni mbali, milima ya Ngorongoro yote iko mbele yetu, na barabara ya kule ni mbovu. Injini inaunguruma vizuri sana, lakini sikio langu linasema inaweza kuwa bora zaidi.

Nati nimeshailegeza.