Kitalu cha Mama Anisia

Jumanne, 1 Septemba 1953
Mama Anisia amepanda lori la Ushirombo asubuhi, mtoto mgongoni, anakwenda kumuuguza mama yake. Ameniachia mbegu ndani ya kitambaa: kabichi alizopewa na masista wa misheni, na nyanya alizozikausha mwenyewe kwa majivu. Maagizo: nisie kitalu, nimwagilie asubuhi na jioni, nilime bustani nyuma ya nyumba kabla ya mvua. Mwaka jana tulikula nsansa, majani makavu ya kunde, tangu Krismasi hadi Pasaka, eti kwa uvivu wangu. Uvivu! Mimi! Akasema mbele ya abiria wote: "Baba Anisia, nikirudi nikakuta hakuna miche, mzigo sifungui. Nageuza na lori hilohilo."

Hatanii. Namjua mke wangu Euphrasia. Nyumba imeshaanza kuwa kimya na sipendi.

Lakini muda wa bustani nitautoa wapi? Nikitoka zamu kwenye mtambo wa kusaga mawe nimechoka. Nikiamka, zamu nyingine imefika. Jirani yangu Ansgar, mpishi wa wakubwa wa mgodi wa dhahabu, ameshasia kitalu chake bondeni, kando ya kijito. Anamwagilia huku akipiga mluzi. Mluzi huo unanichoma.

Ijumaa, 4 Septemba
Nimesia! Kitalu kidogo chini ya dirisha, samadi ya kutosha, nyasi juu. Asubuhi nilifukua mbegu moja nione imefikia wapi. Ilikuwa mbegu. Mchana nikafukua nyingine. Mbegu vilevile. Ansgar akanikuta nimepiga magoti, akaniambia niziache zipumzike. Wivu tu. Mtu haruhusiwi kutaka kujua?

Bustani bado. Ardhi ngumu kama tofali. Jembe lilidunda likanigonga gotini. Nimelala kutwa nikiuguza goti.

Jumapili, 6 Septemba
Baada ya misa nilikwenda kijitoni kuosha karai nililobebea samadi. Wanawake wawili wakasimama wakanitazama mikono. Wakauliza udongo ule nimeutoa wapi. Nikasema nyuma ya nyumba. Wakatazamana. Huku kwetu Nyarugusu mtu akiosha karai taratibu, hakuna anayefikiria samadi.

Hapo akili yangu ikafanya kazi! Nikaosha taratibu zaidi. Nikaguna. Nikaokota kokoto, nikaifunga kwenye pindo la shuka, nikaangalia huku na huku. Waende wakaseme. Bustani italimwa na mimi sijashika mpini.

Jumanne, 8 Septemba
Imekuwa! Nimetoka zamu nikakuta wanaume na sururu nyuma ya nyumba. Mbele yao mzee Marselino, katekista wetu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema amepita kunijulia hali tu. Sururu begani. Nikakataa kidogo, maana ukikubali upesi watu wanashuka moyo. Wakanisihi. Nikawaonyesha mipaka ya bustani na kuwaomba wasiguse chini ya dirisha. Wakalima vizuri ajabu, hata visiki waling'oa. Nikaingia ndani nikalala.

Alhamisi, 10 Septemba
Kabichi zimeota! Vijani viwiliviwili, vikonyo vyake vya zambarau. Nimezitazama mpaka nikachelewa zamu. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Nyanya bado, nimefukua nikaona.

Jambo moja linanisumbua. Watu hawaondoki. Bustani imeshalimwa, wao shimo limewafika kiunoni na wanaendelea. Ansgar hakwenda kupika. Wakubwa wamekula mkate mkavu. Anabeba udongo kwenda kuuosha bondeni kwake, tena hapigi mluzi. Ansgar akiacha mluzi, kuna kitu anaficha.

Jumamosi, 12 Septemba
Mwanaima wa dukani ameninong'oneza kwamba Ansgar amepata punje ya dhahabu kubwa kama harage. Nimekaa nikafikiri. Mimi sikutaja harage! Ingekuwa uongo wangu mtupu, harage lingetoka wapi? Basi dhahabu ipo. Na mahali pekee ambapo hapajachimbwa ni chini ya dirisha langu.

Nilisita. Naandika hapa kwamba nilisita. Kisha nikachukua sururu. Miche, samadi, udongo, vyote nikavibeba hadi bondeni, nikavimimina ukingoni kwa Ansgar, nikaosha kutwa.

Kokoto. Nimelia kidogo, na si kwa ajili ya dhahabu.

Jumatano, 23 Septemba
Lori limefika. Mama Anisia amesimama ukingoni mwa shimo, mzigo kichwani. "Nilikuachia mbegu," akasema. "Hili shimo ni la kumzika nani?"

Nikamwambia ni la mbolea. Akautua mzigo nje ya mlango bila kuufungua, akaenda kijitoni kunawa uso. Akakawia. Nikamfuata. Pale ukingoni, nilipomimina udongo wangu, miche imejazana, kabichi na nyanya, na kabichi zina vikonyo vya zambarau. Aliitambua mbegu ya masista mara moja. Ansgar, aliyekuwa pale akimwagilia, akakiri kwamba si yake. Alisema iliota yenyewe, akaona huruma kuing'oa, akawa anaimwagilia pamoja na yake. Nikaeleza kwamba niliileta makusudi iwe karibu na maji. Wote wawili wakanitazama.

Hukumu: shimo lifukiwe, miche ihamishiwe juu yake. Isipokuwa hivyo, lori linarudi Ushirombo Ijumaa. Mzigo umelala nje.

Alhamisi, 24 Septemba
Shimo lile litamaliza ujana wangu wote! Nitaufukia lini udongo wote huo, na zamu hizi? Alfajiri nikapita dukani, nikamnong'oneza Mwanaima kwamba mkaguzi anakuja kutoka bomani kuwakamata wote waliochimba bila kibali.

Kabla ya saa sita walikuwa wote hapa! Mzee Marselino anasukuma udongo kwa mikono. Ansgar anashindilia kwa miguu. Mama Anisia akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi, akaleta miche, akalegeza fundo la kwanza la mzigo. Nilikaa kivulini nikiwatazama, nikajiona mtu mwenye bahati.

Ndipo mzee Marselino akainama akaninong'oneza nijihadhari, mkaguzi yuko njiani kwa pikipiki nyekundu.

Mimi sikutaja pikipiki. Wala rangi!

Naandika haya nikiwa ndani ya migomba ya Ansgar. Mama Anisia ananiita nikashike jembe, ameshaanza kupanda. Ameniita tena, na sasa kwa jina langu la ubatizo. Ningetoka, lakini kutoka hapa barabara inaonekana vizuri, na hiyo pikipiki nataka niione.